Je, wajua kwa nini michezo mingi ya ubingwa wa dunia wa drafti huishia sare?

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza jedwali la matokeo ya mashindano ya ubingwa wa dunia wa drafti ya kimataifa anaweza kudhani kwamba mwandishi wa matokeo alichoka akawa ananakili mstari uleule. Jedwali limejaa 1–1 kutoka juu hadi chini, na ushindi wa 2–0 unajitokeza hapa na pale tu, ilhali kila moja ya michezo hiyo huenda ilichezwa kwa saa kadhaa na watu wanaohesabiwa kuwa bora kuliko wote duniani. Wengi huhitimisha haraka kwamba mabingwa wanaogopana. Hitimisho hilo lina chembe ya ukweli, kwa kuwa mchezaji anayeongoza hana sababu ya kujitia hatarini, lakini chanzo kikubwa cha sare si hofu. Chanzo kimo ndani ya kanuni zenyewe, na zaidi ya yote katika kanuni moja inayoihusu kingi, yaani kete iliyopanda cheo kwa kufika mstari wa mwisho wa ubao.

Drafti ya kimataifa huchezwa kwenye ubao wa miraba 100, yaani 10 kwa 10, na kila mchezaji huanza na kete 20. Ni miraba 50 yenye rangi nzito tu inayotumika, nayo imepewa namba kuanzia 1 hadi 50 ili kila hatua iweze kuandikwa na kusomwa upya. Kete ya kawaida husogea mbele hatua moja kwa mshazari, lakini inapokula huruhusiwa kula mbele na nyuma pia. Kula ni lazima. Tena, panapokuwa na njia mbili za kula, mchezaji hana budi kufuata ile inayokula kete nyingi zaidi, hata kama njia hiyo inampeleka moja kwa moja mtegoni, na katika hesabu hiyo kingi huhesabiwa kuwa kete moja kama nyingine yoyote. Kete inayofika mstari wa mwisho na kutulia hapo huwa kingi, ilhali ile inayougusa mstari huo katikati ya kula na kulazimika kuendelea kula hubaki kete ya kawaida.

Kingi ya mchezo huu ni kiumbe wa aina yake. Huruka umbali wowote kwenye mshazari ulio wazi, hula kete iliyo mbali alimradi nyuma yake pana nafasi, na baada ya kula huchagua mahali pa kutua miongoni mwa miraba yote iliyo wazi nyuma ya kete iliyoliwa. Mtu aliyezoea mchezo wa ubao mdogo ambamo kingi hutembea mraba mmoja mmoja huona jambo hili kuwa anasa. Kwa kweli ndilo linalozaa sare.

Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Mshazari mrefu kuliko yote kwenye ubao hutoka mraba wa 46, kwenye kona, hadi mraba wa 5, kwenye kona iliyo mkabala, nao hujulikana kama mshazari mkuu. Chukulia kwamba Nyeusi amebakiwa na kingi moja tu iliyokaa kwenye mraba wa 46, na Nyeupe ana kingi tatu mahali popote nje ya mshazari huo. Tatu kwa moja: katika michezo mingine huo ungekuwa ushindi usio na mjadala. Lakini Nyeupe atafanyaje? Kingi iliyo kwenye kona haiwezi kuliwa, kwa sababu nyuma yake hakuna mraba wa kutulia. Ili kuibana, Nyeupe lazima aingize kingi yake kwenye mshazari mkuu, tuseme kwenye mraba wa 28. Papo hapo Nyeusi anaila na kutua nyuma yake, naye akitaka anafika hadi kona ya 5, ambako tena haguswi. Nyeupe angeweza kujikinga iwapo angekuwa na kingi mbili zilizokaa pamoja kwenye mshazari huo, moja nyuma ya nyingine, kwa kuwa hairuhusiwi kuruka kete mbili zilizofuatana bila nafasi. Ila ili aziweke mbili, sharti kwanza aweke moja, na hiyo moja ndiyo inayoliwa. Hivyo Nyeusi anakwenda na kurudi, kutoka kona hadi kona, mpaka mpinzani akate tamaa.

Hata pale ambapo kingi ya peke yake haiushikilii mshazari mkuu, kingi tatu kwa kawaida hazitoshi kuinasa, na ndiyo maana wachezaji husema kwamba zinahitajika nne. Waandishi wa kanuni walilitambua hilo wakaweka ukomo: zikibaki kingi tatu dhidi ya moja, kila mchezaji hupewa hatua 16 zaidi, na kama hakuna kilichotokea mchezo huwa sare. Zikibaki mbili dhidi ya moja, ukomo ni hatua 5 kwa kila upande. Vilevile mchezo huwa sare iwapo hali ileile ya ubao imejirudia mara tatu, au wachezaji wote wawili wamecheza hatua 25 mfululizo za kingi pekee bila kula wala kusogeza kete ya kawaida.

Matokeo yake ni kwamba kuwa mbele kwa kete moja, au hata mbili, hakumhakikishii mtu chochote kete zinapopungua ubaoni. Aliye nyuma hana haja ya kurudisha kete alizopoteza. Anachohitaji ni kupenyeza kete moja ifike mstari wa mwisho na kuukamata mshazari mkuu, hata ikibidi atoe zile nyingine zote kafara, ilimradi mpinzani asibaki na kete za kutosha kumnasa. Mabingwa huifanya hesabu hiyo mapema sana, pengine hatua kumi kabla mtazamaji hajaona dalili yoyote, na mara nyingi mchezo unaoonekana umekatishwa katikati umekatishwa kwa sababu wote wawili wameshauona mwisho wake.

Kanuni ya kulazimika kula nayo ina sehemu yake, ingawa inafanya kazi kwa namna ya pande mbili. Kwa upande mmoja, ndiyo inayozaa mitego mizuri ya mchezo huu: Nyeupe anasukuma kete mbele ya mpinzani, mpinzani hana hiari ila kuila, na anapotua anaacha pengo, Nyeupe anatoa ya pili, pengo linapanuka, kisha kete ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama inaruka tatu au nne kwa mkupuo na kutua kwenye mstari wa mwisho ikiwa kingi. Kwa upande mwingine, anayeshambulia huzisogeza kete zake mbele na kuacha mapengo nyuma yake, na mapengo hayo ndiyo chakula cha mitego ya mpinzani. Wawili wanaoiona mitego yote hujikuta wakijenga ngome zisizo na ufa, wakibadilishana kete moja kwa moja hadi ubao unakauka. Mtego hufanya kazi pale tu ambapo mmoja anaona mbali kuliko mwenzake, na jambo hilo tutalihitaji baadaye.

Si drafti ya ubao mkubwa pekee inayosumbuliwa na tatizo hili. Katika mchezo wa ubao wa 8 kwa 8 unaochezwa Uingereza na Marekani, pambano la ubingwa la mwaka 1863 kati ya James Wyllie na Robert Martins lilikuwa na michezo 40, na yote 40 iliisha sare. Hatimaye, mwaka 1934, Wamarekani walianza utaratibu wa kuchagua kwa bahati nasibu hatua tatu za kwanza za mchezo, ili wachezaji watupwe katika hali wasiyoichagua. Hata hivyo sare hazikuisha. Marion Tinsley, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora wa drafti hiyo katika historia, alipambana na programu ya kompyuta iitwayo Chinook jijini London mwaka 1992. Alishinda michezo 4, akashindwa 2, na michezo 33 ikawa sare. Miaka 15 baadaye, mwaka 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walitangaza kwamba wamethibitisha kwa kompyuta kuwa mchezo huo, ukichezwa bila kosa na pande zote mbili, lazima uwe sare. Kwa hiyo Wyllie na Martins, ambao yumkini watazamaji wao walichoshwa nao, walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua wenyewe.

Drafti ya miraba 100 bado haijathibitishwa hivyo, kwa kuwa idadi ya hali zinazowezekana ubaoni ni kubwa mno hata kwa kompyuta za leo. Hata hivyo dalili zinaelekea huko. Mwaka 2012 Alexander Shvartsman wa Urusi, bingwa wa dunia wa zamani, alicheza michezo 6 dhidi ya programu iitwayo Maximus. Alishinda mmoja, na mitano ikaisha sare.

Sasa basi, ikiwa sare ni nyingi kiasi hicho, bingwa hupatikanaje? Jibu limo katika hesabu ya jedwali. Ushindi huleta pointi 2, na sare pointi 1. Katika mashindano ya wachezaji 20 ambamo kila mmoja hukutana na wenzake wote, kuna raundi 19, na anayetoka sare katika zote hujikusanyia pointi 19 na kumaliza mahali fulani katikati. Anayeshinda michezo 6 na kutoka sare 13 hufikisha pointi 25, na pointi hizo kwa kawaida humweka karibu kabisa na kilele. Maana yake ni kwamba ubingwa hauamuliwi sana katika meza wanapokutana vigogo wawili. Huko sare ndiyo inayotarajiwa na haimdhuru yeyote. Huamuliwa katika meza za pembeni, ambako kigogo anakutana na mchezaji wa nafasi ya 15 na analazimika kumfunga, kwa sababu mpinzani wake wa karibu alimfunga mtu huyohuyo juzi. Hapo ndipo mitego inapopata kazi. Kwa maoni yangu, mtazamaji anayekodolea macho meza namba moja pekee huikosa nusu ya mashindano.

Hii ndiyo sababu pia pointi zinapolingana, kipimo kinachotazamwa mapema ni idadi ya ushindi alioupata kila mmoja: mwenye ushindi 6 na kushindwa mara moja huwa juu ya mwenye ushindi 5 bila kushindwa, ingawa wote wana pointi sawa. Kanuni hiyo humzawadia aliyethubutu. Alexei Chizhov wa Urusi, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 10, hakufika huko kwa kuketi akingoja wenzake wakosee.

Mapambano ya watu wawili ni magumu zaidi, kwa sababu hayana meza ya pembeni. Taji la dunia, ambalo mmoja wa washikaji wake wa mwanzo alikuwa Mfaransa Isidore Weiss, limekuwa likigombewa kwa njia zote mbili, mashindano na mapambano, na shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 1947 limeendelea na mtindo huo. Mara moja pambano halikufanyika kabisa: mwaka 1963 Baba Sy wa Senegal alipaswa kukabiliana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovyeti, lakini hawakukutana, na ni mwaka 1986 tu shirikisho lilipomtambua Sy kuwa bingwa wa mwaka ule. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki miaka 8.

Dawa za sare zimejaribiwa nyingi. Mojawapo ni kuwafanya waliotoka sare wacheze tena palepale kwa muda mfupi, mchezo baada ya mchezo, hadi mmoja ashinde. Muda mdogo hurudisha makosa ambayo saa nyingi za kufikiri ziliyafuta. Wafrisia wa kaskazini mwa Uholanzi wana mchezo wao wa jadi kwenye ubao uleule wa miraba 100, ambamo kete hula si kwa mshazari tu bali pia kwa mlalo na kwa wima, na humo sare ni chache. Dawa inayolenga mzizi wenyewe, hata hivyo, ni badiliko dogo linalotumika katika aina moja ya mchezo iliyobuniwa karibuni: kingi inapomaliza kula kwa kula kingi nyingine, hairuhusiwi kuchagua pa kutua, bali lazima isimame kwenye mraba ulio nyuma tu ya ile iliyoliwa. Turudi kwenye mfano wetu. Nyeupe anaingiza kingi yake kwenye mraba wa 28, Nyeusi anaila kutoka 46, na safari hii hawezi kukimbilia kona ya 5. Anasimama kwenye mraba wa 23, katikati ya ubao, huku kingi mbili za Nyeupe zikiwa bado zipo na zamu ikiwa ni ya Nyeupe.