Takhmisa si wizi

Juzi kijana kaniletea shairi nilipitie, tumekaa barazani hapa Mkomani, Lamu. Ubeti wa pili ukanishtua: ni wangu. Nilipomuuliza, akanipa jibu ambalo nimechoka kulisikia: "Mwalimu, mbona hata wazee walichukuliana? Takhmisa ni nini?"

Haya, tuambiane. Takhmisa ni kulichukua shairi la mwenzio na kuliongezea mishororo, kila ubeti ufike mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa zamani wa pwani yetu, alipolitia takhmisa shairi la Liyongo, shujaa na mshairi wa kale, mishororo miwili ya Liyongo aliiacha vile vile mwishoni mwa kila ubeti, akatanguliza mitatu yake. Ugumu uko hapo. Mitatu yako lazima iende ikafikie maneno yaliyokwisha kuwapo, usiyoruhusiwa kuyagusa, na kina ukifuate. Msikilizaji akifika kwenye ile miwili anaitambua, na raha yake ndiyo hiyo. Asipoitambua, umetunga bure. Mwizi naye anaomba usiku na mchana isitambulike!

Kujibizana ni hivyo hivyo: unachukua bahari, yaani umbo la shairi, na vina vya mwenzio makusudi, watu wajue unamjibu nani. Bahari haina mwenyewe, wala wazo halina. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi wazo. Inalinda maneno yalivyopangwa, mpaka miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Na ikipita? Mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, utayachapa bila kumlipa mtu, lakini kutia jina lako chini yake bado ni wizi.

"Lakini nimebadilisha maneno." Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mimi nilifunga vina kwa kiti, mti, nti, kwa Kiamu chetu, lahaja ya Lamu. Yeye kaandika "nchi", apate kueleweka Nairobi, na kina kikavunjika pale pale wala asisikie. Aliyetunga angesikia, maana neno lile lilimkosesha usingizi. Nimemwambia akitaka ubeti wangu aufanyie takhmisa, mishororo yangu ionekane.

Linalonitatiza mimi ni jingine. Sisi tulifunzwa kwa kuhifadhi, tenzi nzima nzima zimo kifuani. Mshororo ukinijia alfajiri umekamilika, mizani (silabi) nane sawasawa, siuamini. Ninao mmoja daftarini. Nimewasomea wazee wawili wa Shela na mmoja wa Pate, hakuna aliyeutambua, na mpaka leo sijathubutu kuutia kwenye shairi.