Je, wajua kwa nini turubai la RV linafunga upande mmoja kabla ya mwingine?

Kama una RV, zile gari-nyumba ambazo watu wa Marekani na Kanada wanaendea kambi, hii lazima umeiona. Jioni unabonyeza swichi, turubai la kivuli linaanza kurudi taratibu, mara upande wa mbele umeshagusa ubavu wa gari na upande wa nyuma bado unaning'inia nje kiganja kizima. Unalitoa tena, unalirudisha, vilevile. Ukiuliza, jibu la kwanza ni mota imekufa, nunua nyingine. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikabaki kidogo tu nitoe hela, kumbe mota ilikuwa nzima kabisa.

Cheki linavyofanya kazi. Kuna bomba moja refu la aluminiamu ndo linaviringisha turubai, na mota ya umeme wa volti 12 imekaa ndani ya bomba, mwisho wa upande mmoja. Upande wa pili hauna mota, kuna kichwa tu kinachozunguka kulifuata bomba. Sasa bomba ni moja na ni gumu, likizunguka mara moja huku na kule limezunguka mara moja, mota haiwezi kuvuta mbele haraka na nyuma polepole hata ingetaka. Mota mbovu itagoma, itaenda kwa kusuasua au itanguruma bila kuvuta, lakini kupinda ni habari nyingine, hapo unatafuta kwenye kitambaa na kwenye mikono, yale machuma mawili yanayolishika bomba kutoka ubavuni mwa gari.

Kumbuka unavyokunja mkeka. Ukianza umepinda kidogo tu, upana wa kidole, ukifika mwisho upande mmoja umechomoza kama pembe na upande mmoja umevimba, na hata ukaze vipi haunyooki mpaka uukunjue uanze upya. Turubai ni hivyohivyo, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme bomba pamoja na kitambaa lina kipenyo cha sm 8, kila mzunguko linavuta kama sm 25. Upande wa pili kitambaa kikilegea au kikiingia mikunjo ukaongezeka unene wa milimita 2 tu kuzunguka, kipenyo kinakuwa sm 8.4 na kila mzunguko unavuta sm 26 na ushee. Tofauti ni sentimita moja na kidogo, unaweza kuidharau, ila turubai la futi 8 linahitaji kama mizunguko tisa na nusu hivi, zidisha mwenyewe uone, ni zaidi ya sm 10. Ndo kile kiganja kilichobaki nje! Upande mnene unafika kwanza, mwembamba unachelewa, na ukiendelea kubonyeza unazidi kutia mikunjo na kuichosha mota bure.

La kwetu tulikuwa tumeegesha chini ya misonobari huko Michigan, tukalifungua lote, mke wangu akapanda ngazi akapitisha mkono juu ya kitambaa karibu na bomba, akanionyesha kiganja kimejaa majani yale ya sindano, makavu, yameshikana na utomvu mpaka yamekuwa kama kipande cha kamba nene kama kidole gumba, yote yamerundikana upande wa mbele. Tukafagia, tukaosha kwa maji na sabuni ya kawaida, tukaacha likauke. Likapungua sana lakini halikuisha, bado vidole viwili.

Hizo vidole viwili zilitoka kwenye reli. Pale ubavuni kwa gari kitambaa kimepita kwenye mfereji wa reli, na mwanzo na mwisho wa reli kunakuwa na skrubu ndogo inayokizuia kisitembee. Ikilegea au ikidondoka, kitambaa kinasogea kidogokidogo kila safari mpaka hakiko sambamba tena na bomba. Namna ya kujua ni ileile ya fundi anayepima msingi wa nyumba, unafungua lote, unachukua tepu, unapima kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, halafu zile kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana uko sawa, visipolingana turubai limekaa upande. Dawa yake ni watu wawili, toa skrubu, piga spre ya silikoni kwenye mfereji (mafuta au grisi hapana, yanashika vumbi), vuta kitambaa kwa pamoja taratibu, pima tena, vipimo vikikubaliana rudisha skrubu. Kuna lingine wengi hawalijui, turubai nyingi hazijisimamishi zenyewe, ukishikilia swichi baada ya kitambaa kuisha bomba linaanza kukiviringisha kinyume, kinaingia ovyo. Kikikaza, achia.

Sasa mikono. Kila mkono una shokapu ya gesi, kama zile zinazoinua buti la gari, na ndizo zinazosukuma bomba nje, mota yenyewe inaachia tu kitambaa. Shokapu moja ikichoka kitambaa cha upande huo kinalegea, kikirudi kinajikunja legelege na unene ndo huo unaanza. Ukiona alama ya mafuta kwenye fimbo yake, au upande mmoja unasukumika kwa mkono kirahisi kuliko wa pili, badilisha zote mbili kwa pamoja, mpya na kuukuu hazilingani nguvu. Na hapa nawaomba sana, shokapu ile ina mgandamizo mkali, ukiifungua bila kufunga mkono kwa mkanda madhubuti inaweza kuruka ikakuvunja uso. Vichwa vya springi pia (turubai nyingine zina springi ndani ya kile kichwa cha mwisho wa bomba) usivifungue kama hujawahi kufundishwa, mpe fundi.

Mkono uliopinda unauona kwa macho, rudi nyuma hatua kumi uangalie, pengine ulikwaruza tawi au upepo ulikuwahi. Angalia na bolti zinazoshika mkono ubavuni, ukikaza moja ikazunguka bila kushika ujue mbao za ndani zimeoza kwa maji, na hapo usilitumie turubai kabisa mpaka ukuta utengenezwe. Maji ya mvua nayo yanaharibu sana, lita moja ni kilo moja, dimbwi la lita 40 pale katikati ni kilo 40 zinavuta kitambaa mpaka kinatanuka vibaya. Ndo maana ikinyesha unashusha kona moja maji yamwagike, ila uirudishe kabla ya kufunga, maana ukisahau litaingia limepinda na utahangaika kutafuta ubovu ambao haupo.

Kama uko mbali na fundi na limegoma kukaa sawa, litoe nusu, mtu mmoja ashike mkono ule unaowahi auzuie kidogo huku mwingine anabonyeza swichi kwa vipindi vifupi, likifika funga mikono yote miwili kwa mikanda kabla hujawasha gari, kwa sababu turubai lililofunga nusu likidakwa na upepo wa haiwei linafunguka lote.