Upinde wa Mwanzi Kwenye Mwaka Mpya wa Walepcha

Mimi huchunguza pinde za jadi, na kila ninapofika kwenye mashindano ya mishale huanza kwa kuuliza kwa nini yamewekwa mwezi ule. Kwa Walepcha wa Dzongu, katika jimbo la Sikkim nchini India, jibu limo shambani. Namsoong, mwaka wao mpya, huangukia kati ya Desemba na Januari, wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani na matuta ya mpunga yaliyochongwa ubavuni mwa mlima yamebaki na mabua matupu, hivyo kijiji kisicho na uwanja tambarare hupata mahali pa kufumia mishale bila kumharibia mtu mazao. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba zimepita na hewa ni kavu. Ukavu huo una uzito kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu mwanzi ulionyonya unyevu hulegea, na upinde uliolegea huuangusha mshale karibu hata kama mkono wa mfumaji ni uleule wa jana.

Kwa Kilepcha upinde huitwa sali na mshale huitwa tsong. Sali niliyoishika ilikuwa ya mwanzi mtupu, bila kipande chochote cha chuma wala alama ya kulengea. Nyuzi za mwanzi zimesongamana zaidi karibu na ganda la nje, ndiyo maana fundi huliacha ganda hilo likitazama shabaha, upande unaonyooshwa upote unapovutwa, naye hupunguza nyama ya ndani tu. Mzee niliyemtazama alifanya kazi hiyo kwa ban, kisu kirefu ambacho mwanamume wa Kilepcha hukivaa kiunoni katika ala ya mbao iliyoachwa wazi upande mmoja, kiasi kwamba bapa lote huonekana. Alikwangua mara tatu, vipande vya mwanzi vikidondoka vyembamba kama maganda ya kitunguu, akaukunja upinde juu ya goti, akafumba jicho moja kulinganisha mikono miwili ya upinde, kisha akarudia upande wa kushoto uliokuwa bado mgumu. Sikuona akipima kwa kitu chochote.

Wanaume huvaa dumpraa, kitambaa chenye mistari kinachofungwa lubega na kuacha bega moja wazi, jambo linalomfaa sana mtu anayevuta upinde. Pembeni kuna chi, pombe ya ulezi: punje zilizochachuka hujazwa katika kikombe cha mwanzi, humiminiwa maji ya moto, na mnywaji hunyonya kwa mrija. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye duara la malwa huko Uganda ataifahamu mara moja. Ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ukavuka hadi Asia zamani sana, kwa hiyo katika sherehe ile mgeni wa kweli nilikuwa mimi, si nafaka.

Wanaoandika juu ya sherehe hizi huzieleza kama mchezo, nami naona maelezo hayo ni mepesi mno. Upinde huu ulikuwa chombo cha kuwindia, na nguvu yake haikutoka kwenye mwanzi peke yake. Wawindaji wa milima hii walipaka vigumba sumu ya mizizi ya akoniti, mmea wa nyanda za juu za Himalaya, ambayo huvuruga umeme wa moyo mpaka mapigo yapoteze mpangilio. Wakamba walipata sumu ya mishale yao kutoka mti mwingine kabisa, lakini nayo huua kwa kuushambulia moyo. Mwenye sumu hahitaji sana nguvu ya kupenyeza mshale ndani kabisa. Anahitaji kunyatia, kusogea karibu na kutokosea. Uwindaji huo umefungwa na sheria ya India ya mwaka 1972 ya kulinda wanyamapori, iliyoifikia Sikkim baada ya kuunganishwa na India mwaka 1975, na mwaka 1977 misitu ya juu inayopakana na Dzongu ikawa hifadhi ya taifa ya Khangchendzonga. Tangu hapo upinde umebakiwa na kazi hii moja ya sikukuu.

Namsoong ina hadithi yake pia. Husimuliwa kwamba mfalme wa mashetani, Laso Mung Pano, alipigwa vita kwa miaka 12, akijibadilisha kila mwaka kuwa mnyama mwingine, na kwamba majina ya miaka katika kalenda ya Kilepcha yametokana na maumbo hayo. Sherehe ni ya ushindi huo, ndiyo maana bongthing, kuhani wa kijiji, ndiye hutangulia kwa dua na sadaka.

Nchi jirani ya Bhutan, ambako shabaha huwekwa umbali wa mita 145 hivi, imeruhusu pinde za kisasa zenye magurudumu kwenye baadhi ya mashindano yake. Ningekuwa na sauti Dzongu, ningeshauri wasifuate njia hiyo. Anayenunua upinde wa kiwandani hana haja ya kujua mwanzi upi hukatwa, wala kwamba hukatwa majira ya baridi, wanga ukiwa umepungua ndani yake na wadudu wasipate chakula.

Jioni, mishale ilipokwisha kuokotwa kwenye mabua, mzee yule aliufungua upote upande mmoja, akauacha upinde unyooke, kwani ukilala umefungwa huzoea kupinda na kupoteza nguvu. Kisha akautundika juu ya jiko la kuni, mahali moshi utakapoukausha mpaka mvua za Juni zitakaporudi.