Inkubeta haimmalizii mtoto miezi

"Nesi, mashine mnayo?" Ndilo swali la kwanza la ndugu wa mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla miezi haijatimia, awe ameshuka kwenye gari la wagonjwa kutoka Kasulu au ameletwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wakionyeshwa kifua cha mama na kitenge cha kumfungia mtoto hapo, wanaona wamenyimwa. Wanaomba rufaa Mwanza au Dar es Salaam mtoto "akamalizie miezi yake kwenye mashine". Nimelijibu swali hili mdomoni mara nyingi mno. Sasa naliandika.

Inkubeta ni sanduku la joto. Haimpumulishi mtoto, haimlishi, wala haimkuzi. Oksijeni inatoka kwenye mtungi au konsentreta (kifaa kinachoichuja kutoka hewani) na kumfikia kwa kamrija ka puani. Maziwa yanapita kwenye mrija wa kulishia. Sanduku lenyewe kazi yake ni kumweka kwenye nyuzijoto 36.5 hadi 37.5, na likifunguliwa mlango kila mara, umeme ukikatika, au likilazwa watoto watatu humo, hata hiyo linashindwa. Tena watoto watatu kwenye sanduku moja wanaambukizana.

Joto ni jambo kubwa kwa sababu njiti ana ngozi nyembamba, mafuta kidogo na kichwa kikubwa kinachopoteza joto kuliko kiungo kingine. Akipoa, anachoma sukari na oksijeni ili ajipashe. Sukari inashuka, analegea, ananyonya vibaya, kisha anakata pumzi. Asubuhi ya Julai kule Buhigwe dakika chache za kumwogesha zinatosha kumfikisha hapo. Ndiyo maana tunasema asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na kwa njiti tunasubiri zaidi.

Imani hii ya mashine haikuzuka hewani, nakubali. Huduma ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi, inkubeta chache na maambukizi wodini. Ilizaliwa kwenye upungufu, watu wakabaki wanaiona ni ya upungufu. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, kabla hata hali haijatulia, walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa mpaka watulie ndipo waanze, asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo kwa kila mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5. Anayeachwa ni mahututi: asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kusaidiwa, aliye kwenye mshtuko (damu haimzunguki vya kutosha), au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Sasa dozi, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Kangaruu ni tiba, dozi yake ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwenye utafiti ule, waliowahi kuwekwa walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wenzao, wakiwa bado wodi ya uangalizi, saa moja na nusu. Kumweka mtoto kifuani saa moja asubuhi daktari anapopita, kisha akarudishwa kitandani kwenye mablanketi, huko ni kumsumbua. Akiwekwa, akae angalau saa nzima kabla ya kuguswa tena. Mama akienda kuoga, baba anafungwa mtoto. Bibi pia anafaa. Kifua cha baba kina joto, hakuna mwiko unaovunjika.

Na iwe ngozi kwa ngozi. Sidiria katikati, singlendi katikati, mtoto amevalishwa fulana na sweta: hiyo siyo kangaruu, ni kumpakata. Mtoto avae nepi, kofia na soksi, basi. Akae wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, mikono na miguu imekunjwa kama chura. Ukingo wa juu wa kitenge ufike chini ya sikio lake, na fundo likaze usawa wa kifua chake. Likikaza tumboni, hapati nafasi ya kupumua.

Tazama kidevu. Kitenge kikilegea, mtoto anateleza kuelekea kitovuni kwa mama, shingo inakunjika, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inafunga pasipo kelele. Midomo ndiyo inakuambia kwa kubadilika rangi. Kichwa kiwe kimeinuka kidogo, kama anayenusa kitu. Usiku mama alale nusu ameketi, mito miwili mitatu mgongoni. Akilala chali kabisa, mtoto naye analala kifudifudi.

Maziwa kwa ufupi: dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, yote, hata matone, isitupwe. Njiti wa kilo 1.5 siku ya kwanza huanza na mililita 60 kwa kilo, yaani kama mililita 11 kila baada ya saa 3, kisha tunapandisha kila siku. Wiki ya kwanza atapungua uzito, hadi asilimia 10. Baadaye tunataka aongezeke gramu 15 kwa kilo kila siku. Chini ya hapo, hesabu maziwa kabla hujatafuta ugonjwa.

Kuna jambo linaniumiza. Kwenye utafiti ule mama wa waliowahi kuwekwa alikuwa na kitanda chake kando ya mtoto, wodi ileile. Sehemu ya faida huenda ilitokana na ukaribu huo, maziwa kuwahi na mikono ya watu wanaomshika kupungua, siyo ngozi peke yake. Mimi siwezi kuvitenganisha. Tunapomwagiza mama mwenye mshono wa upasuaji akae saa 8 kwenye kiti cha plastiki, tunamwandikia dozi bila kumpa pa kuimezea. Ndugu wanaotaka kudai kitu hospitali, wadai kitanda hicho.

Nyumbani kangaruu inaendelea. Wa boti na wa bodaboda wasafiri naye akiwa kifuani, amefungwa, kofia kichwani. Karibu na kilo 2.5 mtoto mwenyewe ataanza kuchomoa mikono, kutokwa jasho na kulia kila akifungwa. Hapo mfungue.