Shahawa nyepesi sio ugonjwa, na jicho lako haliwezi kuona mbegu

Jana asubuhi kaka mmoja kaja dirishani kwetu maabara na kikopo chake kwenye mfuko mweusi, kabla hata sijaandika namba yake akakitoa akakiinua juu kwenye mwanga akaniambia, "Dokta we angalia mwenyewe, maji matupu haya, hamna kitu humu." Yani kashajipima, kashajisomea majibu, kashajihukumu. Nikamuuliza nani kakwambia, akasema miaka miwili sasa anatumia dawa ya kukaza mbegu, kila ikiisha ananunua nyingine. Miaka miwili! Huyu sio wa kwanza wala wa kumi, na mi nimechoka kulieleza hili mtu mmoja mmoja dirishani huku foleni inasubiri, kwahiyo leo naliandika.

Watu wananiita dokta ila kazi yangu ni maabara, mi ndo yule anayekaa kwenye hadubini kuzihesabu hizo mbegu.

Sasa sikiliza. Shahawa na mbegu ni vitu viwili tofauti. Yale majimaji unayoyaona, sehemu kubwa inatoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, nyingine inatoka kwenye tezi dume, na kinachotoka kwenye korodani zenyewe ni asilimia chache tu ya ujazo wote. Ndo maana mwanaume aliyefunga uzazi akimwaga huwezi kuona tofauti, wingi ni ule ule na rangi ni ile ile, na ndani hamna mbegu hata moja. Chukulia daladala mbili zenye vioo vyeusi, moja imejaa abiria mpaka mlangoni nyingine tupu, we uko barabarani utajuaje? Mbegu moja kichwa chake kina urefu wa maikromita 5 hivi, yani ukipanga vichwa 200 mstari mmoja ndo upate milimita 1. Hilo jicho gani linaona kitu kama hicho kwenye kikopo?

Na huo wepesi wenyewe ndo unaoniudhi zaidi, kwasababu shahawa inatakiwa iwe nyepesi. Ikitoka tu inaganda kama uteute mzito, halafu kuna kimeng'enya kinatoka kwenye tezi dume kinaikata taratibu mpaka inayeyuka, kawaida ndani ya dakika 15 hadi 30. Sisi maabara tunakaa tunaisubiri iyeyuke ndo tuanze kazi, na ikipita saa 1 haijayeyuka ndo tunaandika kwenye majibu kwamba kuna kasoro. Umeona? Mtu kamwaga nyumbani, kapanda gari, kafika kwangu baada ya dakika 40, anakuta imekuwa maji, anaumia roho, na mi nikiiona hivyo ndo nafurahi. Hiyo dawa ya kukaza inakaza nini sasa.

Kuna dada zangu pia wanaokuja na lao, "mbegu za mume wangu hazikai, nikisimama tu zinatoka zote." Dada, zinazohitajika zimeshaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, kinachotoka ni yale majimaji niliyoyasema hapo juu, na yanatoka kwa kila mwanamke hata mwenye watoto saba. Usiweke miguu ukutani nusu saa na usinunue kitu cha kuweka ukeni kuzizuia.

Na kaka, kusimamisha vizuri sio kipimo cha uzazi. Nimehesabu sifuri kwa vijana wenye afya na vifua vipana, na nimehesabu milioni nyingi tu kwa mzee ambaye tendo lenyewe linamshinda. Kuwa na mtoto wa zamani napo sio cheti, maana kati ya yule mtoto na leo ungeweza kupata kisonono au klamidia ikaziba njia, au matumbwitumbwi ya ukubwani yakashuka kwenye korodani, au varikoseli, ile mishipa inayovimba juu ya korodani na huku mtaani kila mtu anaiita ngiri. Punyeto ya ujana haimo kwenye orodha hiyo, nimeshaulizwa mno. Joto linaathiri, korodani zimewekwa nje ili ziwe na joto la chini ya mwili kwa nyuzi 2 mpaka 4, hilo halina ubishi, ila nikikwambia kiti cha bodaboda ndo kimekunyima mtoto nitakuwa nakudanganya.

Kinachoharibu kweli na hakisemwi ni homoni za kuongeza misuli na nguvu. Ukijidunga testosteroni toka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha unaacha kuziamrisha korodani zifanye kazi, mbegu zinashuka, kuna wanaofika sifuri kabisa. Wengi zinarudi wakiacha, lakini inachukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Kwahiyo mwanaume anatafuta mtoto kwa dawa inayomfungia mtoto, na gym hakuna anayemwambia.

Haya, majibu sasa. Hapa naomba utulie maana watu wanalia kwa namba ambazo hawajaelezwa. Kwenye karatasi utaona mbegu kwa mililita, kiwango milioni 16. Mwenye 14 anatoka hapo anajiita tasa. Hiyo 16 imetoka wapi? Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2021 limechukua wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, likaangalia namba zao. Ukiwapanga 100 wa namna hiyo kuanzia mwenye chache kwenda mwenye nyingi, 16 ndipo anaposimama yule wa 5. Yani wapo wanaume chini ya 16 na ni baba wa watu! Mwongozo wa 2010 ulikuwa unasema 15, wa 1999 ulisema 20, kwahiyo mwenye milioni 18 alikuwa mgonjwa, mwongozo ukabadilika akalala mgonjwa akaamka mzima. Ni mstari wa kutusaidia kujua wapi pa kuangalia zaidi, sio hukumu. Na aliyeko juu ya mstari hajahakikishiwa mtoto vilevile.

Na kipimo kimoja hakitoshi, nasema tena hakitoshi. Mbegu inatengenezwa kwa siku 70 na kitu, kwahiyo ukiugua malaria kali leo, mwezi ujao au unaofuata majibu yako yanaweza kuwa mabaya na we umeshapona unacheza mpira. Yakija mabaya tunarudia, na vizuri ipite miezi 3. Kuna na makosa ya kukusanya, jamani. Matone ya kwanza ndo yenye mbegu nyingi, ukiyakosa hayo ukaleta ya mwisho, namba zinashuka na hukuniambia. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, sio mwezi. Usitumie sabuni, mafuta, mate, wala kondomu ya kawaida. Kikopo kikae karibu na mwili, usikiweke kwenye friji, na kinifikie ndani ya saa 1. Anayetoka mbali na anaijua foleni ya Mbagala asubuhi, bora atolee hapahapa hospitali, aibu ya dakika kumi itapita.

Nikiri na letu la maabara ambalo vitabu vinalipitia haraka. Tunatakiwa kuhesabu mbegu 200 kisha 200 nyingine na kulinganisha, na kuna sehemu mtu anatupia jicho tu anakadiria. Ile asilimia ya maumbo mazuri, kiwango ni 4, nikipewa slaidi ile ile leo na kesho siwezi kukuahidi namba ile ile, na mwenzangu wa meza ya pili atakupa yake. Sipendi kumuona mtu anaambiwa akapandikize mimba hospitali kwasababu ya asilimia hiyo peke yake. Sifuri nayo haiandikwi mpaka sampuli izungushwe kwenye mashine na mashapo ya chini yaangaliwe, halafu sampuli ya pili irudiwe, na ikiwa kweli ni sifuri kuna njia iliyoziba na kuna kiwanda kisichozalisha, daktari atashika korodani na kupima homoni ajue ni ipi, matibabu ni mbali na mbali.

Halafu lile neno "usaha" kwenye majibu. Seli za duara tunazoziona zinaweza kuwa chembe nyeupe za damu au mbegu changa ambazo hazijakomaa, bila rangi maalum zinafanana sana. Watu wanachomwa sindano, wanamaliza dozi nne za antibayotiki kwa "maambukizi sugu" ambayo hayakuwahi kuthibitishwa. Mi nikiziona naandika seli za duara, naacha hapo.

Kwa mwanamke nitaenda mbio maana sio meza yangu: yai linapevuka au halipevuki, mirija iko wazi au imeziba, kizazi kina uvimbe mahali pabaya au hakina, tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, zikoje, umri gani. Mnaanza kupima baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, akiwa na miaka 35 na zaidi miezi 6 inatosha. Projesteroni, homoni inayopimwa kujua kama yai limepevuka, ile ya "siku ya 21" ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, wa siku 35 anapima siku ya 28, tafadhali.

Lakini pimeni wote wawili, wiki moja. Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii upande wa mwanaume una mchango, na bado naona mke kapigwa picha ya mirija ile inayouma, kasafishwa kizazi, katukanwa na mawifi, ndo mume analeta kikopo mwaka wa tano, kwa siri.

Nirudi kwa kaka wa jana. Yale maji yake nimeyahesabu mara mbili, milioni 58 kwa mililita, zaidi ya nusu zinaogelea mbele. Akakaa kimya muda mrefu. Nikamuuliza mkeo anaona siku zake kila baada ya muda gani, hakuwa anajua, akatoka nje akapiga simu akarudi. Siku 45, saa nyingine zinafika 60, tangu shule. Na dada wa watu anasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimemwambia huenda yai ndo halipevuki vizuri, waende wote kwa daktari wa uzazi na hilo walitaje la kwanza.