Je, wajua kwa nini piano haiimezi selo kwenye rekodi ya tamasha?

Ukikaa safu ya kumi ukumbini, mbele yako watu watatu wakipiga trio ya mtunzi Brahms, piano inakujia kwanza, fidla inaelea juu yake, na selo, ile ndugu kubwa ya fidla inayosimamishwa sakafuni, mara unaisikia, mara hujui imekwenda wapi. Ukija kusikiliza rekodi ya jioni ileile, selo ipo tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, hata mkwaruzo wa upinde unapogeuka unausikia. Wengi hudhani fundi wa sauti aliipandisha baadaye, akiwa ametulia studioni. Lakini kwenye jukwaa la tamasha wapigaji wamekaa hatua mbili tatu tu kutoka kwenye piano, na maikrofoni iliyo mbele ya selo inaisikia piano pia. Ukiipandisha selo, piano inapanda nayo. Ndiyo maana mizani ya rekodi hizi hupangwa kabla hadhira haijaingia, tena hupangwa kwa sentimita.

Tatizo lenyewe lina umri mrefu. Mtunzi Schubert alipoandika kwinteti yake (muziki wa ala tano) maarufu kwa jina la samaki trauti mwaka 1819, kwa piano, fidla, viola, selo na besi kubwa, piano za Vienna zilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba na sauti iliyofifia upesi. Piano kubwa ya kumbi za leo ina urefu wa kama mita 2.74, uzito wa karibu kilo 480, na fremu ya chuma inayobeba mvuto wa takriban tani 20 kutoka kwenye nyuzi zake zaidi ya 200. Selo iliyo pembeni yake bado ina nyuzi nne. Wala huwezi kumwambia mpiga piano apunguze tu. Brahms mwenyewe aliziita kazi zake sonata za piano na fidla, piano ikitajwa kwanza, kwa sababu piano ni mzungumzaji kamili na si msindikizaji. Akipiga kwa woga, muziki unakufa.

Kati ya fidla na selo, selo ndiyo inayoumia zaidi. Fidla ina nguvu kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 4,000, ambako sikio ni kali na piano haina msongamano mkubwa. Selo inaishi palepale unapotembea mkono wa kushoto wa mpiga piano. Sauti mbili zikigombea masafa yaleyale, yenye nguvu huifunika nyingine, na sikio haliwezi kuchambua kilichofunikwa.

Watu hukimbilia kufunga kifuniko cha piano. Kinaweza kusimama wazi kabisa kwa ile fimbo ndefu, au nusu kwa fimbo fupi. Kukishusha kwenye fimbo fupi kunaonekana ni busara, ila mara nyingi kunaharibu rekodi. Kinachopungua hasa ni masafa ya juu, ule mwanzo mkali wa kila noti unaoonyesha nyundo imegusa waya. Sauti nzito za piano zinabaki karibu vilevile. Unapata piano iliyovikwa blanketi, na selo bado imefunikwa kwa sababu kilichokuwa kinaifunika hakikuguswa. Afadhali kifuniko kiwe wazi kabisa, kisha usogeze viti na maikrofoni.

Kwa kawaida piano iko nyuma, fidla mbele upande wa kushoto wa hadhira, selo upande wa kulia kidogo. Jozi kuu ya maikrofoni, ndiyo inayobeba rekodi karibu yote, husimama mbele yao. Mafundi wengi hutumia mbili zinazosikia pande zote, zikiachana sentimita 40 hadi 60. Wengine hufuata mpangilio wa redio ya Ufaransa, sentimita 17 kati yake na pembe ya digrii 110, kwa maikrofoni zinazosikia zaidi upande wa mbele. Ziweke mita 2 kutoka kwa wapiga nyuzi, na piano itakuwa mita 3.5 au 4. Hapo tayari umewapa wapiga nyuzi faida ambayo msikilizaji wa safu ya kumi hana, kwani kwake umbali wa fidla na wa piano ni karibu sawa.

Kimo cha maikrofoni ndicho kinachoamua mengine. Fidla hurusha sauti zake kali juu, kutoka kwenye ubao wake wa mbele. Selo huzirusha mbele, kwa hadhira. Kifuniko cha piano kilichoinuliwa nacho kinapokea sauti kutoka kwenye nyuzi na kuitupa mbele kwa mshazari. Sasa chukua stendi iliyo mita 2.2 na uipandishe hadi mita 3. Fidla inang'aa, piano inakuwa wazi zaidi kwa sababu maikrofoni zimeingia kwenye njia ya mrusho wa kifuniko, na selo inarudi nyuma. Zishushe, na miili ya wapigaji inaikinga piano kidogo huku selo ikija mbele, ila fidla inakuwa kavu. Fundi mzuri hushusha na kupandisha sentimita 10 kwa 10 wakati wa mazoezi, hedifoni masikioni, akisikiliza sehemu moja tu: pale selo inaposhika wimbo huku piano ikijaza chini. Pakikaa sawa hapo, kwingine kote kutafuata.

Baada ya jozi kuu ndipo zinapokuja maikrofoni za karibu: moja kwa fidla, moja kwa selo, mbili kwa piano. Hizi huchanganywa kwa uchache, desibeli 8 hadi 12 chini ya jozi kuu. Kazi yake ni kuchora ukingo wa ala. Ukisikia wazi kwamba zipo, umeshazidisha. Kwa selo, maikrofoni yenye umbo la nane inafaa sana. Inasikia mbele na nyuma, ila mbavuni ni kiziwi. Igeuze ubavu wake uelekee kifuniko cha piano, na utapata selo yenye piano kidogo ndani yake. Yenye kusikia mbele tu inaweza nayo kukataa piano, lakini ile kidogo inayopenya ubavuni huingia ikiwa butu, na ubutu huo unaipaka piano yako yote rangi mbaya.

Kosa linaloharibu kazi nyingi hapa ni muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita inakula karibu milisekunde 3. Tuseme maikrofoni ya karibu iko mita 0.8 kutoka kwenye selo na jozi kuu iko mita 3.2. Tofauti ni mita 2.4, sawa na milisekunde 7. Usipoichelewesha ile ya karibu kwa kiasi hicho, sikio litaikamata kwanza na kuamini selo inatoka hapo, imebandikwa mbele ya ukumbi kama stempu. Hata kosa dogo la milisekunde 1 linazifanya sauti mbili zifutane kuanzia hezi 500, na selo inapata kifua cha kopo. Kwa hiyo pima kwa utepe, gawanya kwa 343, andika. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kompyuta ikiipima sauti mara hizo zote, milisekunde 7 ni sampuli 336.

Kwenye tamasha la siku kadhaa haya yote hufanyika kwa haraka. Mradi wa mpiga piano Martha Argerich mjini Lugano, Uswisi, uliofanyika kuanzia 2002 hadi 2016 na kurekodiwa na redio ya huko, ulijulikana kwa kuchanganya wapigaji: piano mbili hapa, kwinteti pale, sonata baadaye. Kule Heimbach, Ujerumani, tamasha lililoanzishwa na mpiga piano Lars Vogt mwaka 1998 hupigwa ndani ya kituo cha zamani cha kuzalisha umeme kwa maji, mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya fidla. Kikundi kinapobadilika, una dakika chache za kusogeza piano na viti mbele ya watu. Kinachookoa ni utepe wa gundi sakafuni, rangi moja kwa kila kazi: magurudumu ya piano, miguu ya viti, mahali inapochoma ncha ya selo. Kiti cha selo kikisogea sentimita 30, rekodi ya usiku huo haitaungana na ya mazoezi.

Viwango vya sauti viwekwe kwa unyenyekevu. Kileleni mazoezini kipimo cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya mwisho wake, maana usiku wa tamasha damu imechemka na watu wale wale watapiga kwa nguvu zaidi. Rekodi ya biti 24 ina nafasi ya kutosha chini, lakini juu hakuna huruma: sauti ikishapasuka, imepasuka.

Kisha hadhira inaingia, na ukumbi unabadilika. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard aligundua mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuhamisha mito ya viti usiku, kwamba mwangwi hufupika kadiri vinavyoongezeka vitu vya kunyonya sauti. Kanuni yake ni rahisi: zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalonyonya. Ukumbi wa mita za ujazo 5,000 wenye unyonyaji wa mita za mraba 400 una mwangwi wa sekunde 2. Ingiza watu 300 kwenye viti vya mbao, kila mmoja aongeze kama mita ya mraba 0.4, na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.55. Tofauti hiyo inasikika na mtu yeyote.

Nayo ina uzito kwa sababu rekodi nyingi zinazoitwa za moja kwa moja huunganishwa kutoka kwenye tamasha, mazoezi ya mwisho, na pengine nusu saa ya kurudia sehemu zilizoharibika baada ya watu kuondoka. Hakuna udanganyifu hapo. Noti iliyokosewa usiku mmoja itasikika vilevile kila mara CD inapochezwa. Ila kipande cha ukumbi mtupu kikipachikwa katikati ya ukumbi uliojaa, mwangwi unaruka. Dawa ni kuyaongezea matamasha mwangwi kidogo wa kompyuta, kwa kuwa kuongeza kunawezekana na kuondoa ni shida. Wanaorudia nao waanze mistari miwili kabla ya kosa, ili mlio ulioshikwa na pedali uwe umeshajaa hewani wanapofika. Maungio hufanywa punde tu kabla ya noti yenye nguvu, kwa kupishana kwa milisekunde 5 hadi 30, mwanzo mkali wa noti mpya ukificha mshono. Na kama piano imeshuka sauti kwa joto la taa kati ya vipande hivyo viwili, hakuna mshono utakaofichika; ndiyo maana fundi wa piano huigusa tena kabla ya tamasha, na tena wakati wa mapumziko.

Vikohozi je? Vinavyodondokea juu ya akodi kubwa, noti nyingi zikipigwa pamoja, vinafunikwa vyenyewe. Kinachotoboa ni kile cha katikati ya mwendo (sehemu ya kazi) wa polepole. Kwenye picha ya masafa inayochorwa na kompyuta noti huonekana kama mistari iliyolala, na kikohozi kama wingu lililosimama. Fundi hufuta wingu katikati ya mistari, kidogo kidogo. Akifuta sana, piano inabaki na tundu, na tundu linaudhi kuliko kikohozi.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo lazima lirekodiwe hadhira ikiwa ndani: ukimya. Sekunde 30 za ukumbi uliojaa, kabla ya noti ya kwanza, wapigaji wameshakaa. Hizo ndizo zinazowekwa kati ya mwendo mmoja na mwingine pale penye kishindo cha kiti au simu. Ukiweka ukimya mtupu wa kompyuta badala yake, msikilizaji anashtuka na kuangalia kama spika zimezimika.