Zugizwangi si jina lingine la kushindwa

Kila mara picha ya mchezo wa chesi kati ya Sämisch na Nimzowitsch inapotolewa kama fumbo, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, yuko kwenye zugizwangi, mwingine anauliza mbona bado ana vitunda, zile kete ndogo, vya kusogeza, wa tatu anajibu kwamba zugizwangi ni kukosa la kufanya, basi. Hapo ndipo neno linapopotea. Siku hizi mchezaji akizidiwa tu anaambiwa yuko kwenye zugizwangi: amepoteza malkia, zugizwangi, mfalme wake amezingirwa, zugizwangi. Hapana.

Maana yake ni fupi. Zugizwangi ni hali ambayo mchezaji anaharibikiwa kwa sababu tu ni zamu yake na sheria inamlazimu acheze. Angeruhusiwa kuruka zamu, angekuwa salama, au walau hali yake isingeharibika. Neno ni la Kijerumani, limeundwa na maneno yenye maana ya hatua na kulazimishwa, na Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa chesi, alikuwa akilitumia kwa Kiingereza mwaka 1905. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko jina: mabingwa wa shatranji, chesi ya kale, wa Baghdad walikuwa wakitunga mafumbo ya aina hiyo katika karne ya 9.

Kiini chote kimo katika hilo la kuruka zamu, na ndicho kipimo ninachotaka watu wakikumbuke. Chukua ubao wenye kete nne tu (herufi ni safu ya wima, a hadi h, na namba ni mstari wa mlalo, 1 hadi 8). Mfalme mweupe yuko f5 na kitunda chake kiko e4. Mfalme mweusi yuko d4 na kitunda chake kiko e5. Kila mfalme analinda kitunda chake na kukitolea macho cha mwenzake. Hakuna tishio lolote, hakuna kete inayoweza kuliwa. Lakini mwenye zamu lazima aondoke alipo, na akiondoka kitunda chake kinaliwa na mchezo umekwisha kwake. Ikiwa ni zamu ya Mweupe, Mweupe anashindwa. Ikiwa ni ya Mweusi, Mweusi anashindwa. Wape wote wawili ruhusa ya kuruka zamu, watakaa hapo mpaka kesho bila yeyote kudhurika. Hiyo ni zugizwangi safi, tena ya pande zote mbili.

Wala si kitu cha mafumbo peke yake. Mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, somo la wiki ya kwanza kwa anayejifunza chesi, halishindiki bila zugizwangi. Mfalme mpweke angeweza kuruka zamu asingerudishwa ukutani kamwe. Hata waandishi wa programu za chesi wanalijua hili vizuri. Ili kuharakisha hesabu, programu nyingi hujiuliza: nikimwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, bado niko vizuri? Kama jibu ni ndiyo, tawi hilo halichunguzwi zaidi. Mbinu hiyo husimama juu ya dhana kwamba kucheza ni bora kuliko kutocheza, na zugizwangi ndiyo inayoivunja dhana hiyo. Kwa hiyo programu huizima zinapobaki kete chache, hasa wafalme na vitunda vyao.

Sasa turudi kwenye picha inayogombaniwa. Ni Copenhagen, mwaka 1923. Friedrich Sämisch alicheza na kete nyeupe, Aron Nimzowitsch na nyeusi. Mweusi alitoa farasi mzima kwa vitunda viwili, akaingiza ngome zake kwenye safu ya f, na kwenye hatua ya 25 akasogeza kitunda kimoja kutoka h7 hadi h6. Sämisch akasalimu amri. Mchezo ukapewa jina la zugizwangi isiyokufa, na jina hilo ndilo lililoleta vurugu.

Weka kete ubaoni ujionee. Mweupe ana mfalme h1, malkia e3, ngome e1 na g1, maaskofu d2 na g2, farasi b1, na vitunda a2, b2, d4, g3 na h3. Mweusi ana mfalme g8, malkia d7, ngome f2 na f5, maaskofu d3 na d6, na vitunda a6, b4, d5, e4, e6, g7 na h6. Ni zamu ya Mweupe.

Wanaotetea jina hilo wana hoja ya kweli. Kete nyeupe zimebanwa kiasi cha kutisha. Ngome ya e1 ikiondoka, Mweusi anaweka ngome yake e2 na malkia hana pa kwenda. Askofu wa d2 akirudi c1, farasi wa b1 analiwa na askofu wa d3. Farasi akienda c3, kitunda cha b4 kinamla. Mfalme akisogea h2, askofu wake wa g2 anakuwa amefungwa mbele yake na ngome ya f2, hivyo Mweusi anapeleka ngome ya f5 hadi f3 na askofu huyo hawezi kuigusa. Kitunda cha g kikienda g4, ngome ile ile inakuja f3. Askofu akiila, ngome ya f2 inakwenda h2 na mfalme amekwisha, maana njia ya askofu wa d6 imefunguka. Nimzowitsch mwenyewe, katika maelezo yake ya mchezo huu, alisema Mweupe hana hatua iliyobaki na kwamba Mweusi angeweza kungoja tu, akimsogeza mfalme wake huku na huko.

Hata hivyo Mweupe bado ana hatua zisizomdhuru papo hapo: kitunda cha a hadi a3, cha b hadi b3, cha h hadi h4. Ni chache na zitaisha, lakini zipo. Hoja hii ya vitunda ndiyo inayotolewa zaidi, nami naiona nyepesi, kwa sababu mtetezi atajibu kwamba zugizwangi inakuja hatua chache mbele. Ni kweli, ingekuja, kama Mweusi angeamua kungoja.

Hoja nzito ni nyingine. Fanya kipimo: mruhusu Mweupe aruke zamu. Mweusi anacheza ngome ya f5 hadi f3 mara moja. Askofu wa g2 anaila, ngome ya f2 inamla askofu huyo na sasa inamshambulia malkia. Malkia akimbilie wapi? Kila mraba anaoweza kuufikia unalindwa. Akienda g5 analiwa na kitunda cha h6. Bora awezalo ni kuichukua ile ngome na kuliwa na kitunda cha e4. Mweupe anabaki na ngome mbili, askofu na farasi waliotawanyika dhidi ya malkia na maaskofu wawili, huku kitunda cheusi kikiwa kimefika f3, mlangoni kwa mfalme wake. Yaani kuruka zamu hakumwokoi. Palikuwa na tishio la kweli ubaoni, na penye tishio la namna hiyo kosa si la zamu.

Na hapa ndipo ninaposikitika zaidi, maana anayesema zugizwangi anaifichia hatua ya h6 uzuri wake. Utasikia kwamba Nimzowitsch hakufanya kitu, alingoja tu, akasogeza kitunda cha pembeni ili zamu ihame. Rudisha kitunda hicho h7 ujaribu ile ile ngome kwenda f3. Askofu anaila, ngome inamla askofu, na malkia anatoka taratibu hadi g5, salama. Tundu la kutorokea lilikuwa hilo, na h6 ndiyo iliyoliziba. Ilikuwa hatua yenye kazi maalumu, iliyogeuza shambulio lisilofanya kazi kuwa shambulio linaloshinda.

Kwa hiyo ukionyeshwa picha hiyo tena, huna haja ya kugombana na jina, limeshazoeleka na halitaondoka. Mwambie tu mwenzako kwamba Mweupe pale amebanwa na pia anatishiwa, na kwamba angeshindwa hata kama isingekuwa zamu yake. Akitaka kuona zugizwangi yenyewe, mwekee wale wafalme wawili, f5 na d4, na vitunda vyao.